Kamba Namba Moja

Kilbrennie, 9 Oktoba 1994

Mdogo wangu Innes,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta unapumua, maana kama hupumui nimepoteza stempu. Mimi mzima. Goti la kushoto limegoma, la kulia linamwonea huruma mwenzake. Figo zako zinasemaje?

Habari ya huku ni shule yako. Halmashauri wanataka kuibomoa. Wanasema kuta chini ya madirisha zimelowa tangu tuijenge, plasta inabanduka vipande vipande, na watoto wanakohoa. Lakini kuna mama mmoja wa ofisi ya majengo ya kale, Bi Lockhart, anakuja kuikagua. Hebu fikiri, Innes: zege tulilomimina kwa mikono yetu mwaka sitini na moja, leo ni jengo la kale. Basi mimi ni nini, piramidi?

Nilipita pale jana. Kanisa lako la Dundee walishalivunja, maktaba yako wameivika mabati, zile ghorofa zako wamezipaka rangi ya mtindi. Shule hii ndiyo pekee iliyobaki kama ulivyoichora. Nilidhani nitasikitika. Nikamaliza pai yangu nikarudi nyumbani.

Niambie nimwambie nini huyo mama.

Kaka yako,
Wattie

Glasgow, 17 Oktoba 1994

Kaka Wattie,

Barua imefika na bado napumua. Stempu yako ni salama. Msalimie Senga, binti yako, na umwambie akufiche hizo pai. Figo ni zile zile. Daktari alinieleza kwa upole sana kwamba nisijisumbue kununua mbegu za bustani ya mwakani. Nikamshukuru. Nikapanda basi, na nilipofika nyumbani nikakuta njiani nimenunua kabichi. Sikumbuki duka gani.

Waache wabomoe. Kosa ni langu, nawe unalijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiwe uliyesimamia waashi. Chini ya kila kizingiti cha dirisha huwekwa kijifereji, upana wa kidole, ili maji ya mvua yakifika pale yaanguke, yasitambae kurudi ukutani. Mimi sikukichora. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nataka mstari safi, nikasahau tone la maji. Ile karatasi ilipotea siku nyingi, lakini sihitaji kuiona.

Miaka thelathini nimefundisha vijana, na kila mwaka, siku ya kwanza, nilichora tone ubaoni. Nikawaambia: "Anzeni na hili. Mimi nililisahau, na watoto wa kwetu wakalowa." Kama kuna kitu nimefundisha katika maisha yangu, ni hicho.

Mdogo wako,
Innes

Kilbrennie, 20 Novemba 1994

Mdogo wangu Innes,

Salamu, na usamehe mwezi mzima wa kimya. Kalamu ilikuwepo. Sisi wazima. Senga anasema ule kabichi, mradi umeshainunua.

Bi Lockhart alikuja. Mwanamke mfupi, viatu vya maana, akapanda ngazi mwenyewe akapitisha kidole chini ya vizingiti kama mama mkwe anayetafuta vumbi. Kisha akaja kwangu.

"Mzee Dalgleish, nina swali moja tu," akasema. "Kama mchoro ulikuwa mbovu, siwezi kuitetea shule. Kama mchoro ulikuwa sawa, mafundi ndio walikosea, hilo linarekebishika na shule inabaki. Ilikuwaje?"

"Unatumia sukari?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi kunywa hivyo hivyo, na urudi Alhamisi ya kwanza ya Desemba. Kichwa changu kinafunguliwa Alhamisi."

Akacheka. Senga hakucheka. "Baba, unamficha nini yule mama?" Nikamwambia umri wangu.

Sasa sikiliza, Innes. Ulikichora. Karatasi namba kumi na nne. Ninayo, imelala miaka thelathini na tatu chini ya gazeti, kwenye droo ya soksi. Kila kizingiti, kijifereji chake, na pembeni mwandiko wako wa kisomi: kamba ilazwe ndani ya boksi la mbao kabla ya kumimina zege, likikauka ivutwe, pabaki kijifereji.

Unakumbuka baba tulimzika Ijumaa, Februari ile ya ujenzi. Kadi za kamba zikagawiwa, kila mshika kamba na namba yake. Namba moja, ya kichwani, ya kushusha jeneza, ni ya mtoto wa kwanza. Hata mbwa wa Kilbrennie wanajua. Mama akakupa wewe, msanifu, mwenye tai ya kipepeo. Mimi nikapewa namba mbili, miguuni. Watu wote waliona.

Jumatatu nikafika kazini, kamba za boksi ziko mezani zimekatwa tayari. Nikazikunja nikazitia mfukoni. Nikasema, msomi kamba yake anayo, nyingine ya nini? Tukamimina vizingiti arobaini na viwili bila kamba. Waashi wakaniuliza, nikawaambia mchoro umebadilika. Na karatasi nikaondoka nayo.

Majira ya baridi kuta zikaanza kulowa. Ukaja, ukasimama kwenye tope na viatu vyako vya mjini, ukaniambia, "Wattie, nimesahau kijifereji." Nami nikasema, "Hutokea."

Ndilo neno nililosema. Hutokea.

Karatasi iko mezani. Niambie niifanye nini.

Kaka yako,
Wattie

Kilbrennie, 3 Januari 1995

Mdogo wangu Innes,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima. Mimi mzima, isipokuwa heshima.

Hukujibu. Alhamisi ikafika, Bi Lockhart akaja, nikampa karatasi. Aliitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi muda mfupi. Shule inabaki. Watakata vijifereji kwa msumeno mwezi wa pili. Gazeti la wilaya limeandika kwamba mchoro ulikuwa sahihi na kosa ni la msimamizi wa waashi, na jina langu wamelipatia, hata herufi haikukosewa.

Baa walinipokea vizuri.

"Wattie, wewe si ndiye uliyesema ukuta wangu umejengwa na kipofu?" akaniuliza jirani yangu Dod.

"Nilisema kipofu mlevi."

"Haya, kaa mbali na glasi yangu, isije ikavuja."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilingoja aibu ije. Nilimaliza bia nikiisubiri. Mwaka mpya, mtu wa kwanza kuvuka mlango wetu alikuwa Dod, na badala ya kipande cha makaa cha kuleta heri, kama ilivyo desturi, akaleta kipande cha zege. Kipo juu ya redio.

Niandikie, hata matusi.

Kaka yako,
Wattie

Glasgow, 2 Februari 1995

Kaka Wattie,

Habari za siku nyingi. Natumaini goti linasikia amri. Mimi sasa nalala ghorofa ya chini, sebuleni, kwa sababu ya ngazi. Mwandiko huu ni wa jirani. Maneno ni yangu.

Barua yako ya Novemba niliisoma mara moja, nikairudisha kwenye bahasha. Nilingoja hasira. Asubuhi nilikuwa naamka nikiitafuta, kama mtu anayepapasa miwani. Haikuja. Ndiyo maana sikuandika. Sikuwa na cha kutia kwenye barua.

Desemba chuo kiliniita nifundishe kwa mara ya mwisho. Nilikusudia kuwaambia ukweli. Nikashika chaki, nikachora tone. Wale vijana wamekaa na kalamu tayari, wameshasimuliwa na waliowatangulia. Nikasema, "Mimi nililisahau." Wakaandika. Ningewapa kisa cha ndugu wawili waliogombania kamba, wangetukumbuka sisi na kulisahau tone. Kosa hilo nimekaa nalo miaka mingi mno, Wattie. Siwezi tena kuliishi bila kulifundisha. Libaki langu huku. Huko Kilbrennie libaki lako.

Jambo moja hulijui. Asubuhi ya maziko ya baba nilianguka jikoni, kwa mama. Nililia hadi nikatapika. Wewe ulikuwa nje, unapiga kiwi viatu vya watu wote. Mama akasema, "Wattie atasimama bila kitu. Huyu ataanguka kaburini asipopewa cha kushika." Ndiyo sababu. Nilidhani unajua.

Mtayarisha mazishi ameshapata orodha yangu ya washika kamba. Kadi yako itakuja kwa posta.

Mdogo wako,
Innes

Kilbrennie, 11 Machi 1995

Mdogo wangu Innes,

Salamu. Sisi wazima.

Senga ananiuliza barua hii nitaituma wapi. Nimemwambia stempu ni yangu.

Kadi ilifika. Namba moja, na jina langu kwa wino mweusi: Walter, kama vile mimi ni mtu wa maana. Nikasimama kaburini, upande wa kichwani. Wanafunzi wako walijaa, wengine wazee wenye vipara, na hakuna hata mmoja aliyekuja na viatu vya tope. Nilidhani utakuwa mzito. Hukuwa mzito. Kamba ilikuwa laini, ikapita kiganjani polepole, kisha ikalegea, basi. Sikulia. Nilishika tu.

Baadaye nikawaacha na chai yao nikaenda shuleni. Vijifereji vimeshakatwa, vyote arobaini na viwili, kazi safi kuliko yangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasimama chini ya dirisha la darasa la kwanza nikatazama. Tone linatambaa chini ya kizingiti, linafika pale, linasita. Kisha linaanguka.

Nikagusa ukuta. Bado umelowa. Bi Lockhart anasema utachukua miaka miwili kukauka.

Nikakaa pale hadi soksi zikalowa.

Kaka yako,
Wattie