Ukingo wa Mtumbwi wa Ndizi

Nyakatuntu, Kyerwa

Mwanangu Jovitus,

Marahaba. Salamu zako dada yako Agnetha amenifikishia. Kahawa imeanza kuiva, na mama yako anamgombeza yule jogoo wako kana kwamba ni wewe.

Picha za boti mbili ulizotuma, nikuchagulie moja ya kununua, nimeziona. Ile iliyochongoka chini itahimili mawimbi ya kule visiwani, lakini ukiwapeleka wageni kuvua kwenye matete itakwama. Ile bapa itapita hata penye maji ya magotini, na ziwa likitulia itafika nje kidogo. Chukua bapa. Ukingo wake usizidi goti, maana wageni wengine ni wazee.

Mimi si mvuvi, nachonga mitumbwi ya kukanyagia ndizi za pombe, lakini ukingo naujua. Nakuandikia ili mama yako asisikie kwenye simu. Juzi tulitaka kukanyaga ndizi za ubatizo wa mtoto wa Agnetha. Niliinua mguu mara tatu, haukuvuka ukingo wa mtumbwi niliouchonga mwenyewe. Nikawaambia watu ndizi hazijaiva. Mama yako akazifunika tena, ingawa zilishaanza kunukia.

Kwa hiyo kabla hujaichukua hiyo boti, ingia ndani yake polepole kama mzee, bila kuruka wala kushika kitu. Ukiweza kuingia hivyo, niwekee nafasi ya mbele. Nataka tuvue pamoja kabla sijawa mtu wa kubebwa.

Baba yako,
Rwegoshora