Karatasi Niliyoikalia

Tunduma, getini kwenye maegesho ya malori

Mama Sekela mke wangu,

U mzima? Kile kifua kimekuachia? Na ng'ombe amezaa au bado anatuzungusha? Mimi mzima kabisa, goti tu linalia asubuhi, lakini hapa getini hakuna lori linalopita bila mimi kulikagua. Hata madereva wa Zambia wananiogopa.

Nimepata neno la kaka yako, kwamba anakuja kumrudisha Sekela huko Ikinga kwa sababu ameingia siasa. Sikiliza mimi niliyekuwepo, siyo yeye aliyesikia kilabuni.

Halmashauri inatunga sheria ndogo ya biashara za hapa mpakani, na vijana wanaozifanya hawakuulizwa. Basi wauza vitenge kama Sekela, wasukuma mikokoteni na wa bodaboda wakaitana ofisi ya kata, waandike maoni yao na wachague mmoja wa kwenda kuyasoma mbele ya madiwani. Sekela akasema, baba naenda. Nikasema hauendi peke yako.

Nilikwenda na fimbo yangu. Kwanza nikaona hakuna soda. Wewe unajua, mkutano wa kweli una soda. Nikajiuliza, hapa nani anagharamia na anataka nini? Halafu kijana mmoja wa viatu vya kung'aa, hakuna anayemjua kwao, akasema amekuja kusaidia vijana, akazungusha karatasi. Wote wakaandika majina na sahihi, Sekela akatangulia. Ilipofika kwangu nikaitazama. Juu pako wazi, hakuna hata neno moja, ni majina tu.

Unakumbuka shamba la kijiji? Tulitia dole tukaambiwa ni mahudhurio, baadaye tukasomewa kwamba tumekubali liuzwe. Na dole langu lilikuwepo! Nikaikunja ile karatasi nikaikalia.

"Mzee, inuka."

"Siinuki."

Wa bodaboda mmoja akapiga kelele, "Mwacheni babu, anaatamia mayai!" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Sekela akaninong'oneza, "Baba unaniaibisha. Hiyo ndiyo sauti yetu."

"Sauti yenu inasema nini? Nisomee."

Akamgeukia yule wa viatu, "Kaka, kwenye hiyo karatasi, pale juu pataandikwa nini?"

"Tutachapa baadaye, dada. Nyie wekeni sahihi tu."

Hapo hakucheka mtu. Nikainuka mwenyewe bila kuambiwa. Sekela akaichana karatasi, akatoa daftari lake, akaandika maombi yao juu ya kila ukurasa: wasihamishwe kabla ya kuonyeshwa pengine pa kuuzia, na kila wanapojadiliwa na wao wawepo. Akasoma kwa sauti, wakabishana, wakafuta, wakaandika tena, ndipo wakasaini upya. Yule wa viatu hatukuona alivyoondoka. Labda alikuwa mtu mwema. Mimi sidhani.

Sasa wamemchagua Sekela ndiye akasome, Alhamisi. Mkubwa mmoja wa soko amemwambia akisoma asije akalia meza yake ya vitenge ikichukuliwa. Hilo ndilo linaloninyima raha, maana meza ile ndiyo inamlisha. Nikamwuliza, "Utasoma?" Akasema, "Nitasoma, baba." Madiwani siwaamini, mkubwa wa soko simwamini, hata hao wenzake wakitishwa sijui kama watasimama. Lakini sikumkataza. Mimi, mke wangu, unavyonijua, sikumkataza.

Nisalimie mama mkwe wangu, mdogo wangu fundi baiskeli, mwinjilisti wetu, na wajukuu wote, waambie babu yao hajashindwa na mtu.

Na kaka yako mwambie Sekela harudi. Kama nauli anayo, aje Alhamisi tukae naye benchi la nyuma. Meza ikichukuliwa, ichukuliwe tukiwa tunawatazama usoni.

Ni mimi mumeo, Baba Sekela. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia.