Mungu wa Dhahabu Ashuke Kwanza

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mwezi wa tatu sasa tangu nitoke nyumbani Kambarage. Mvua imekuja kwa fujo na duara, shimo letu la dhahabu, limejaa maji. Pampu inanguruma kutwa, maji yanatoka mekundu, hayaishi. Hatushuki. Mgongo unashukuru! Magoti nayo. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Kwa kuwa hakuna kazi, Sufiani katuletea mchezo. Sufiani ndiye anayechaji simu za kambi nzima kwa sola yake. Huu mchezo aliucheza kwenye simu mpaka kioo kikapasuka, sasa anatuchezesha kwa mdomo. Kila mchezaji ni mungu. Theonest, mwanakwaya wetu, alishanyanyuka aondoke. Sufiani akamkamata shati: si Mungu huyo wa kanisani wala wa msikitini, ni mungu wa m ndogo, mwenye kazi moja tu. Mnakaa katikati ya watu wa kijiji. Mnawasaidia au mnawasumbua. Watu wakikuamini unapata nguvu, wakikusahau umekwisha. Dadu ya ludo inaamua.

Kijiji tumekichora kwa mkaa kwenye kiroba cha unga kilichopasuliwa. Nyumba, mto, malisho ya ng'ombe, na shimo la dhahabu. Tungeliachaje shimo, sisi? Watu ni punje za mahindi. Sufiani mungu wa mvua. Theonest, baada ya kujikuna sana, mungu wa dawa. Sostenes, msimamizi wa duara letu, hakungoja kuulizwa: dhahabu! Mimi nimechukua ardhi. Wamenicheka. Wacheke tu. Vyote wanavyojivunia vimekaa juu yangu.

Jumatano, 13 Novemba 2024

Pampu bado. Mchezoni nashinda! Shule niliiachia darasa la sita, lakini ardhi naijua tabia yake — inanyamaza, inangoja.

Mchezo ulikuwa umepooza kwa sababu punje hazijibu. Leo Apolonia, mama anayetupikia, kapita na ndoo akauliza tunafanya nini. Kuambiwa tu, akasema tutaungua wote. Lakini hakuondoka. Sostenes akaamuru kijiji kimchinjie ng'ombe. Apolonia akadakia hapo hapo: ng'ombe yupi, huyu anayekamuliwa? Watoto wanywe mkojo wako? Basi, tumepata watu! Kijiji kizima ni yeye. Sufiani akamtishia ukame. Akajibiwa, kausha baba, kausha, halafu tuone kama kenge watakusujudia.

Punje zinamchanganya, kwa hiyo amezipa majina ya wanaokula kwake. Ile nene ni Masalu, maana hakuna anayemfikia Masalu kwa ugali. Masalu ndiye fundi wetu wa matimba, zile nguzo zinazozuia ukuta usitumwagikie. Kila siku anashuka wa kwanza, akishaita ndipo tunafuata. Hachezi. Anakula huku anatazama.

Ijumaa, 15 Novemba 2024

Leo nimetetemesha!

Sostenes alikuwa amewavuta watu kwa dhahabu yake mpaka wakanisahau kabisa, hata tambiko la kunde hawaniletei. Nikarusha dadu. Sita! Nikaangusha shimo. Apolonia akainama kuangalia aliyekuwa ndani. Punje moja tu, ile nene. Akasema kwa sauti kubwa: umemuua Masalu.

Na Masalu amesimama pale pale na sahani yake. Tulicheka mpaka Theonest akakohoa. Masalu hakucheka. Aliweka sahani chini, akanawa, akaondoka. Ugali nusu umebaki. Masalu kubakiza ugali!

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Maji yamekwisha. Sostenes kasema tunashuka. Masalu kakaa juu ya dumu, hajavaa hata buti. Kaulizwa. Kajibu kwamba marehemu hafanyi kazi.

Tulidhani utani. Si utani. Mdomoni mwa duara hatutaji hata neno kaburi. Mtu akitajiwa kifo kwa jina lake, hashuki mpaka kifo hicho kiondolewe. Hili nalijua! Sote tunalijua. Tulisahau kwa sababu ilikuwa mahindi. Na fundi asiposhuka hashuki mtu. Sostenes akafoka: wanaume wazima mnaogopa punje? Hakuna aliyeinuka. Mimi pia sikuinuka.

Lakini nina haraka yangu. Jumapili ya tarehe 24 binti yangu Martina anapokea komunyo ya kwanza. Mgao wa mawe, ndio malipo yetu, haufanyiki mpaka mawe yatoke, na anayeondoka kabla ya mgao anaondoka mikono mitupu. Nitaingiaje nyumbani hivyo? Mke wangu Vumilia hatasema kitu, ndiyo mbaya zaidi. Martina ameniuliza kwenye simu, baba utakaa wapi? Nikamwambia benchi la kwanza.

Masalu lazima afufuke. Nimemuua mimi, nitamfufua mimi.

Jumapili, 17 Novemba 2024

Nimemfufua!

Sufiani ndiye aliyekumbuka kanuni. Kwenye simu kulikuwa na njia moja tu: mungu anayetaka jambo kubwa kwa watu ashuke kwanza. Aache nguvu zake, awe mtu, ahenyeke kama mtu. Nikasema, rahisi, nimeshuka. Apolonia akakataa. Kushuka kwa mdomo hata yeye anaweza. Akanipa ndoo.

Nimechota maji kutoka bondeni, kile kilima nakijua sasa. Nimepasua kuni. Nimemenya viazi sufuria zima, na kila anayepita ananiinamia: shikamoo mungu! Marahaba, mwanangu, hujambo? Nilijibu wote. Ikisemwa kweli, nilifurahi kuliko nilipokuwa naangusha mashimo.

Jioni Apolonia akairudisha punje nene kijijini, akapiga kigelegele. Kambi nzima makofi. Sostenes mwenyewe akampa Masalu mkono: karibu tena duniani. Nilijiona mkubwa! Masalu kasema wabeja, asante ya kwao, basi. Uso kama wa mtu aliyeamshwa usingizini.

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mvua tena asubuhi, tukapewa siku moja ya kukausha.

Masalu kanifuata karashani, kule tunakosagia mawe, mahali ambapo hakuna anayesikia kitu. Kakaa karibu. Kaniuliza: Baba Martina, ulinifufua ya nini?

Nikasema, ufanye kazi, bwana, tuende nyumbani.

Akanieleza. Kule chini kwenye kona, matimba ni miti mibichi, imepinda kabla hata ya mvua. Sasa ukuta nyuma yake umelowa. Alishamwambia Sostenes. Sostenes akamjibu kwamba kama anaogopa aseme tu, wanaotaka nafasi yake wamejaa Katoro nzima. Mtu husema mara moja. Ukisema mara ya pili umeshakuwa mwoga, na mwoga hapewi duara na mtu yeyote.

Halafu wewe ukaniua, akasema. Nikamshukuru Mungu, yule mwenyewe. Marehemu haitwi mwoga. Alihesabu kwamba bila fundi, Sostenes ataishiwa ujanja, ataagiza miti mikavu. Na mimi nikaja na ndoo yangu.

Nimekaa pale mpaka karasha imezimwa. Halafu nikawaza: kwani mimi si bado ardhi?

Jumanne, 19 Novemba 2024

Asubuhi wote mdomoni mwa duara. Sostenes: haya, twendeni. Nikasema mungu wa ardhi amefunga shimo.

Kicheko. Sostenes naye kacheka, akasema mchezo uliisha juzi. Nikamwambia haukuisha. Juzi ulimpa mkono mtu aliyefufuka, mbele ya watu wote. Umeukubali. Basi ukubali wote. Mungu wa dhahabu anataka watu wamletee dhahabu? Ashuke kwanza.

Halafu Apolonia huko mafigani, mwiko juu: watu wamesema! Mungu wa dhahabu ashuke! Theonest akafuata kwa ile sauti ya kwaya. Kisha wote, wanapiga madumu — ashuke! ashuke! Hata wa duara la jirani wamekuja kutazama.

Sostenes alikuwa anatabasamu. Akaacha. Nikamsogelea nikamwambia taratibu, bila mchezo: kaka, ni ile kona. Nenda kaione kwa macho yako. Ukiona sawa, sote tunashuka, hatuna neno. Akauliza, na nikiona si sawa? Miti mikavu, nikasema, halafu tunashuka. Akaniangalia sana. Hakuuliza kona ipi.

Akasema sawa. Lakini yeye hajafika kule tangu kiangazi, nani atamwonyesha? Macho yote kwa Masalu. Masalu akainamisha kichwa, akaanza kuvuta buti. Hapana. Huyu nimemrudisha mimi kwa haraka zangu. Nikasema nakwenda mimi.

Sasa Sostenes anatafutiwa buti zinazomtosha, ndiyo maana napata kuandika. Siogopi. Kule si mbali. Kuangalia, kugusa mti, kurudi. Na mtu akishaona mwenyewe hawezi tena kusema hajui. Tumeshinda, hata kama yeye hajasema. Masalu ananifunga kamba kwa mikono yake. Kasema nikifika kwenye kona nisiongee kwa sauti na nisiegemee kitu. Karudia tena.

Apolonia ametandaza kiroba. Ametoa punje mbili, kaziweka pembeni mwa shimo la mkaa. Nimemuuliza mimi ni ipi. Kasema hizi hazina majina, mimi niende tu.

Sostenes anaita. Sauti yake leo ndogo! Dagaa wangu wafunikwe, wakati wa chakula niko juu. Jumamosi niko Kambarage. Jumapili benchi la kwanza.