Chumvi ya Mama Atieno

Kapsoya, Eldoret

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku hatujambo. Mahindi yametoa ndevu, na babu yako bado anabishana na daktari juu ya goti lake.

Umeniuliza kama ni sawa kurekebisha kurasa za wenzako, kwa vile parokia imewapa vijana kazi ya kuandika pamoja kijitabu cha mafundisho. Nitakuambia nilichofanya mimi.

Nikiwa msichana, jumuiya yetu iliandika kijitabu kwa wanaojiandaa kubatizwa. Kila mtu alileta ukurasa, nami nikiwa karani nikaziunganisha kurasa zote. Mama Atieno, muuza samaki, alipewa somo la kusamehe. Aliandika kwamba alikuwa amemnunia jirani yake miezi mitatu, halafu siku moja yeye mwenyewe akaenda kubisha hodi kwa jirani huyo kumwomba chumvi, ingawa kwake chumvi alikuwa nayo.

Nikaona hayo si mafundisho. Nikayafuta yote, nikaweka maneno mazito ya katekisimu, chini nikaacha jina lake.

Tulipokisoma mbele ya jumuiya, Mama Atieno alisikiliza mpaka mwisho.

“Karani, umeandika vizuri,” akasema. “Lakini mimi sijui kusamehe hivyo.”

Hakuandika nasi tena. Tulipokutana njiani alinijibu salamu, basi.

Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka miwili nilipita mlangoni pake nikitafuta maneno ya kumwomba radhi, mpaka akahama. Kumbe katika ukurasa ule nilioufuta alikuwa ameshaniandikia la kufanya, na kikombe cha kuombea chumvi nilikuwa nacho.

Ni mimi nyanya yako,
Rosa