Pumzi ya Bibi kwenye Chupa ya Tatu

Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, na mvua haishuki. Joto limekikalia kijiji chetu cha Fukayosi kama sufuria iliyofunikwa. Nimejifungia chumbani kwa sababu sitaki mtu auone uso wangu.

Nitaandika yote. Wanaosoma blogu hii ni wachache, na hakuna kati yao anayenijua kwa sura. Hilo linanisaidia.

Wiki tatu zilizopita Dada Rehema alikuja kijijini kwetu. Ni mtafiti wa chuo kikuu, na alikuja kwa ajili ya kisima kipya cha nyuma ya zahanati, kile kirefu ambacho maji yake yana mapovu na yananuka kama yai viza. Watu wengi wanasema ni pepo. Alitaka msaidizi, na mwalimu wangu wa kemia akanitaja mimi. Mimi, ambaye miaka minne ya sekondari sikunyoosha mkono darasani hata mara moja.

Dada Rehema alinieleza kwamba chini kabisa, ndani ya nyufa za miamba, kuna vijidudu visivyolijua jua. Maji yakikutana na chuma kilichomo ndani ya mwamba, hutoka gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ndiyo chakula chao. Vingine hutoa methani. Vingine hutoa ile harufu ya yai. "Pepo wenyewe ndio hao," alisema akicheka.

Nililala nikiviwaza. Viumbe vilivyotulia gizani, vinakula kidogo, havimsumbui mtu. Nilihisi kama ni ndugu zangu.

Kazi yangu ilikuwa kujaza chupa. Unazamisha chupa ya kioo ndani ya ndoo ya maji, unaingiza mpira wa maji mpaka chini, unaacha maji yafurike, kisha unafunga kizibo humo humo majini. Hewa yetu isiingie hata kidogo. Ikiingia, gesi ya kule chini inatoroka na vijidudu vya vinywa vyetu vinajipenyeza. Nilijaza sita. Dada Rehema alizigeuza moja moja juani, hakuona povu la hewa hata moja. "Mikono yako imetulia, mdogo wangu," akasema. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Siku hiyo gari la Dada Rehema na wenzake liliharibika likapelekwa Lugoba kutengenezwa, na sanduku la barafu lenye chupa likaachwa kwetu mpaka asubuhi.

Jioni nilimsimulia Bibi, naye anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Hawajaliona jua hata siku moja?"

"Hata moja, Bibi."

"Wala adhana haiwafikii?"

"Haiwafikii."

"Maskini wa Mungu," akasema, na akaendelea na nazi yake.

Nilimweleza kila kitu kuhusu vijidudu isipokuwa neno moja: usifungue.

Asubuhi baada ya swala nilimkuta amechuchumaa penye sanduku. Chupa ya tatu ilikuwa mkononi mwake, wazi. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha akapuliza ndani, kama anavyoyapulizia maji ninayokunywa nikiwa na homa.

"Bibi!"

"Nini, mke mwenzangu?" Ndivyo anavyonitania tangu utoto. "Nimewasomea Fatiha. Wametolewa kwao bila hodi, wanapelekwa mjini kwa wageni, hata dua wasipate? Nimefungua moja tu. Hizo nyingine pumzi imenishinda."

Nilikifunga kizibo, nikairudisha chupa mahali pake. Gari lilipokuja Dada Rehema aliuliza, "Hakuna aliyezigusa?" Nikatikisa kichwa. Nilijiambia kwamba kutikisa kichwa si neno, kwa hiyo si uongo.

Ulikuwa uongo.

Leo mchana ujumbe wake umeingia: "Chupa ya tatu ina viumbe ambavyo havimo kwenye nyingine zote! Ijumaa nawaonyesha walimu wangu. Jiandae, nataka uje maabara wakati unasubiri matokeo yako."

Nimeusoma mara tatu. Viumbe hivyo havikutoka chini ya ardhi. Vimetoka kinywani mwa Bibi yangu.

Na sasa niseme lile ambalo ni gumu zaidi. Siku ile sikunyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Nilinyamaza kwa sababu nilimtazama Bibi kwa macho ya watu wa kwenye gari: kanga iliyopauka, meno mawili, anaisomea chupa ya maabara. Nikawaona wanacheka. Na kwa muda mfupi nilitamani asiwe wangu.

Bibi huyu. Pumzi ile ile iliyokuwa juu ya paji la uso wangu kila nilipougua.

Niliandika kwanza, "Samahani dada, nadhani chupa ya tatu sikuifunga vizuri." Ilikuwa nzuri, ilionekana kama unyenyekevu. Lakini bado nilikuwa namficha Bibi, ila sasa nimemfunika kwa nguo ya heshima. Nikaifuta. Nikapiga simu, mimi ambaye simu hunitoa jasho.

Nilisema yote, hadi Fatiha. Nikasubiri kicheko.

"Alipuliza mara ngapi?" akauliza.

"Sijui, dada."

"Nenda kamuulize."

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. "Tatu," akasema bila kuinua macho. "Hujui hata kwamba hupulizwa mara tatu? Shule gani hiyo!"

Nilisikia kalamu ya Dada Rehema inaandika. Akasema chupa ya tatu inatolewa, na kwamba Ijumaa hatakuwa na cha kuonyesha. Kisha akauliza polepole, "Na zile tano, una uhakika nazo?"

Nikasema ninao. Akasema "sawa", lakini ilikuwa sawa fupi. Atarudi mwezi ujao kuchukua maji upya. Habari ya maabara hakuigusa, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Nilirudi uani.

"Wale maskini hawajambo huko?" Bibi akauliza.

Nikakaa karibu yake, nikamwambia kwamba pumzi yake iliiharibu chupa, na kwamba mimi nilijua nikaficha. Akaweka ungo chini.

"Mbona hukuniambia siku ile ile? Ningemwendea yule binti mwenyewe, nikamwambia ni mimi."

Angekwenda kweli, na kanga yake hiyo hiyo, angesimama mbele ya gari na kusema. Hakuwa na la kuficha. Nilikuwa nalo mimi.

Amesema watafiti wakija tena, atawasomea wale maskini kutoka barazani, kwa mbali, kama hewa yake haitakiwi. Sasa ninamsikia anaendelea kupepeta, na mvua bado haijanyesha.

Dada Rehema akirudi, hata kama hataki tena mikono yangu, nitamwomba apite nyumbani kwanza. Nimsimamishe mbele ya Bibi, niseme kwa sauti inayosikika, "Huyu ndiye Bibi yangu, ndiye aliyepuliza."

Je, nitaweza kusema bila kuangalia chini?