Upana wa Vidole Vinne

Njombe, 19 Desemba 2013

Mwanangu Leokadia,

Salaam nyingi. Afya yako inaendeleaje, na kile kikohozi kimekwisha? Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri. Mvua zimeanza vizuri na viazi vimestawi.

Leo nimekaa kwenye kafe ya intaneti saa nzima nikiangalia utabiri wa hali ya hewa wa mji wenu huko ng'ambo. Usicheke. Mtu aliyesoma vipimo vya hewa miaka thelathini na moja hastaafu, anahamishiwa kituo tu. Kuanzia Jumamosi hali si nzuri. Juu kutakuwa na hewa ya joto, na chini karibu na ardhi kutakuwa na baridi. Hapo mvua inashuka ikiwa maji, na ikigusa kitu inaganda papo hapo. Nyaya za umeme hazihimili uzito huo. Nunua mishumaa, mkate na betri. Huyo Bibi Parin unayemtunza, mzaliwa wa Iringa, naye ajiandae. Anakaa peke yake, usimsahau.

Najua utasema baba anaona hatari hata ndani ya kikombe cha chai. Lakini tahadhari kabla ya hatari, mwanangu.

Ni mimi baba yako

Scarborough, 22 Desemba 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti uyapake ile dawa niliyokutumia, usiigawe kwa majirani. Kikohozi kimekwisha.

Haya, umeshinda. Mishumaa sikununua, nikasema ni yale yale ya kila mwaka. Umeme umekatika tangu usiku wa kuamkia leo, lifti haifanyi kazi, na mimi niko ghorofa ya kumi na moja. Kila kitu nje kimevikwa kioo, hata majani. Miti inavunjika na kuanguka juu ya magari. Tumejikusanya na jirani yangu Thacienne, tunalala kitanda kimoja, watoto wake wawili katikati.

Ninayemhofia ni Bibi Parin. Ana miaka sabini na tisa, yuko peke yake kwenye nyumba yake ya Don Mills, na mtambo wa joto hauwaki bila umeme. Simu yake ya waya inafanya kazi, namshukuru Mungu. Riyaz, mwanawe wa pekee, yuko Pickering, mji wa jirani, na mti umeziba njia ya gari lake. Wakala aliyeniajiri ametuma ujumbe kwamba mtu asitoke. Mabasi hayaonekani. Jiji limefungua kumbi zenye joto, lakini bibi amekataa katakata. Ameniambia, "Leokadia, mimi nikalale ukumbini kama mkimbizi? Iringa niliondoka na sanduku langu mwenyewe."

Ana jiko la mkaa alilotoka nalo Iringa, liko gereji pamoja na mfuko wa mkaa ambao Riyaz alimnunulia kiangazi kwa ajili ya mishkaki. Ameniuliza kama aliwashe chumbani. Nimemwambia angoje kwanza nikuulize. Wewe unaijua baridi na jiko unalijua. Baba, joto litarudi lini? Nimjibuje?

Mwanao, Leokadia

Njombe, 23 Desemba 2013

Mwanangu,

Marahaba. Naandika barua hii mara ya pili, ya kwanza imepotea umeme wa huku ulipokatika. Kwa hiyo salamu utaniwia radhi.

Joto halirudi. Mvua imekwisha, sasa upepo umegeuka na unatoka kaskazini. Kesho usiku mtafika nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Watu hudhani dhoruba ndiyo inayoua, kumbe ni siku mbili tulivu zinazoifuata.

Kwanza kabisa, atolewe humo. Ikishindikana kabisa, basi ifanyike kama tunavyofanya huku mwezi wa sita. Jiko liwashiwe nje mpaka makaa yote yawe mekundu, pasiwe na moshi, ndipo liingie. Dirisha liachwe wazi upana wa vidole vinne, hata akipiga kelele kwamba baridi inaingia. Na asilale nalo. Litoke nje kabla hajafumba macho. Mkaa hauui kwa moshi unaouona, unaua kwa hewa isiyoonekana wala kunusika. Mwaka themanini na tisa tulizika hapa mume na mke waliokutwa wamejifunika vizuri kitandani.

Mwambie maneno yangu yote, usiyapunguze.

Baba yako

Scarborough, 23 Desemba 2013, jioni

Shikamoo baba,

Naandika mbio, simu imebaki na chaji asilimia nne. Barua nimeisoma, bibi nimempigia, nimemweleza yote. Amefurahi sana. Watu wamekuja kuukata ule mti wa Pickering, kwa hiyo Riyaz atamfikia kesho asubuhi. Tulia sasa, nenda kasali Krismasi yako.

Leokadia

Njombe, 29 Desemba 2013

Mwanangu Leokadia,

Hujambo? Nauliza kweli, siulizi kwa mazoea. Leo ni siku ya sita. Nimesoma kwamba umeme umerudi sehemu nyingi za mji wenu. Nimekuja hapa kafe kila asubuhi, na yule dada anayehudumia sasa ananionea huruma, ananipa kiti kabla sijaomba. Bibi yukoje? Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

Scarborough, 2 Januari 2014

Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukunyamazia, sikujua nianzie wapi.

Bibi Parin yuko hospitali, hajazinduka. Riyaz alifika asubuhi ya tarehe ishirini na nne akagonga, hakufunguliwa. Alipoingia alimkuta kitandani, jiko liko karibu na miguu, mlango wa chumba umezibwa chini kwa taulo. Alikuwa bado anapumua. Madaktari wanasema ni ile hewa ya mkaa.

Nakwenda kila siku baada ya saa nane, namchana nywele, nampaka mafuta mikono. Riyaz anashinda pale, amekonda. Hajui kwamba mimi na bibi tulizungumza habari za jiko, na naomba jambo hili libaki kati yetu wawili. Makaratasi yangu ya ukaazi bado yako mezani kwa watu. Sisi tulimweleza, baba. Mengine ni mapenzi ya Mungu.

Mwanao

Njombe, 6 Januari 2014

Leokadia mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, mpaka dada wa kafe akaniletea maji.

Nataka unijibu jambo moja. Unakumbuka nilikwambia barua ile niliiandika mara mbili? Ile ya kwanza, iliyopotea, nakumbuka vizuri niliandika habari za dirisha. Ya pili niliiandika kwa haraka, nikiogopa umeme utakatika tena. Je, dirisha niliandika? Nakaa kitandani nikijaribu kuyaona maneno, siyaoni. Barua nilizotuma sijui zinakaa wapi humu kwenye mashine, na kumwuliza dada naona haya, maana ataisoma.

Jana baada ya misa walinijia wakulima kama kawaida, wakitaka kujua kama wapulizie viazi dawa ya ukungu wiki hii au wasubiri mvua ipite. Nikawaambia sijui. Wakacheka, wakadhani natania. Miaka yote hii sijawahi kumwambia mtu sijui.

Niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Je, niliandika?

Baba yako

Scarborough, 9 Januari 2014

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu.

Bibi Parin amefariki juzi, tarehe saba. Siku hiyo ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na ukiongeza upepo ni kama thelathini na tano. Kope zangu ziliganda nikisubiri basi la kwenda hospitali. Nilimkuta ameshafunikwa.

Leo tumemzika. Kutoka jamatikhana, nyumba yao ya ibada, wamekuja wengi, na wazee wawili wa Iringa wamelia kwa Kiswahili. Riyaz amenishika mkono mbele ya watu akasema mimi nilikuwa kama binti kwa mama yake. Kisha akaninong'oneza kwamba mkaa ule aliununua yeye kwa mkono wake, na kwamba angekuja jioni ile ile kwa miguu, mama yake angekuwa hai.

Wewe usijisumbue na mambo ya barua. Yaliyopita yamepita. Kula vizuri na uvae sweta.

Mwanao, Leokadia

Njombe, 16 Januari 2014

Leokadia,

Poleni sana kwa msiba. Mungu ampumzishe bibi huyo.

Hukunijibu.

Baba

Scarborough, 2 Februari 2014

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia ukimaliza kusoma.

Uliandika. Dirisha liko kwenye barua yako, na vidole vinne viko, na kulitoa jiko kabla ya kulala kuko. Nimeisoma kila siku tangu siku ile. Hukusahau hata neno moja.

Mimi ndiye niliyeyapunguza. Mwezi wa kumi na moja niliziba madirisha yote ya bibi kwa nailoni, ile wanayoikaza hapa kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka hewa haina pa kupita. Siku mbili nilifanya kazi hiyo, na bibi alinisifu kwa wageni wake wote. Kumwambia afungue dirisha ilikuwa ni kumwambia aichane nailoni ile. Nikajisemea, baba na tahadhari zake. Nikamwambia jiko aliwashe nje, aliingize, afunge mlango na azibe chini kwa taulo, joto lisitoroke. Taulo lile ni langu, baba. Habari za kulitoa jiko kabla ya kulala sikuzitaja kabisa, nikiiangalia chaji inavyokwisha. Lakini chaji si sababu. Nilipata nafasi ya kukuandikia wewe kwamba nimemweleza yote.

Nimekuacha mwezi mzima ukijihukumu, na nilikuwa na jibu mkononi. Kila nikitaka kukuandikia naogopa. Naogopa makaratasi, naogopa Riyaz, lakini zaidi naogopa wewe. Sina la kujitetea.

Leokadia

Njombe, 6 Februari 2014

Mwanangu Leokadia,

Marahaba. Nimeitikia.

Nimekukasirikia siku tatu, na hasira yenyewe haijaisha, kwa hiyo usitegemee maneno matamu. Nilikuwa najiona muuaji, Leokadia. Nilikwenda kuungama kwa padri dhambi ambayo hata sikuitenda. Na wewe unaniandikia nivae sweta!

Lakini na mimi ninalo langu. Bibi wa watu aliuliza kama jiko liingie chumbani, na jibu lilikuwa hapana. Neno moja tu. Mimi nikatoa somo, kwa sababu napenda kutoa masomo. Nyumba zetu huku zina mianya kila upande, za huko sizijui, na sikuuliza. Hilo nitalibeba mwenyewe, sikugawii.

Sasa sikiliza. Wewe umenitua mimi mzigo, lakini Riyaz bado anao wake, na si wake. Anadhani mama yake alijiwashia jiko peke yake kwa sababu mwanawe hakuja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda ukamwambie. Usimwandikie, nenda kwa miguu yako. Kazi ikipotea, ipotee. Makaratasi yakiharibika, nyumbani ni hapa na kitanda chako kipo.

Nimeangalia hali ya hewa yenu. Jumapili ni baridi kali lakini hakuna theluji, barabara zitapitika.

Ni mimi baba yako

Pickering, 9 Februari 2014

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kituo cha basi, vidole havisikii, utanisamehe makosa.

Nimetoka kwa Riyaz sasa hivi. Nimemwambia yote: nailoni, barua yako, taulo, simu. Tulikuwa bado mlangoni, hakunikaribisha ndani, na mimi sikungoja kukaribishwa. Uso wake ulibadilika, nikajua sasa atanipiga au atapiga simu kwa wakala. Hakufanya hata moja. Aliniuliza saa ngapi nilizungumza na mama yake. Nikamwambia saa kumi na moja jioni. Akasema, kumbe wewe ndiye wa mwisho.

Hilo sikuwa nimeliona, baba. Wiki saba nilikuwa naficha kosa langu, kumbe nilikuwa nimemfichia na maneno ya mwisho ya mama yake. Akaniuliza alisema nini. Nikamwambia, maana nayakumbuka yote. Tulipokuwa tunaagana bibi alisema, "Mwambie Riyaz asije leo, barabara inateleza, atavunjika. Aje kesho na jua lake. Mimi nina joto."

Ujumbe ule nilipewa niufikishe, sikuufikisha.

Riyaz Kiswahili anakisikia tu, siku zote hunijibu kwa Kiingereza, hata mama yake alikuwa akimtania kwa hilo. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi bila koti. Sijui kama atanisamehe, na sikumwomba. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Sema tena."

Nikasema tena.

Mwanao,
Leokadia