Raba Ulizomtumia Baba

Kwa Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini ukiwa mzima. Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama, na hayo unayajua. Je, kile kifua kimepoa? Usijitie ushujaa na baridi ya watu, vaa sweta.

Nimepata ujumbe wako kwamba nimshawishi Baba afunge karakana yake ya viatu, chumba apewe muuza simu, mzee apumzike. Sikulaumu. Tangu raba za kiwanda chenu zijae sokoni, viatu vyake vya ngozi vilikuwa vinakula vumbi tu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea ghalani, katoni kwa katoni, zenye nembo ileile ya zile ulizomtumia Baba. Wewe unabandika soli huko, mimi napakua huku, na katikati yetu baba yetu anakosa kazi! Iliniuma, Kaka, na sikuwa na wa kumwambia.

Baba mwenyewe unamjua, hakosi neno. Redio iliposema utandawazi umeifanya dunia kuwa kijiji kimoja, aliuliza: kama ni kijiji, mbona mwanawe hapiti jioni kumsalimu? Tulicheka, kisha Mama akainuka akaenda jikoni, akakawia huko.

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja yule mwalimu jirani yetu, raba yake mpya imeachama kama mamba. Alisema huko madukani wamemwambia aitupe anunue nyingine. Baba aliigeuzageuza, akashona soli kuizunguka yote kwa uzi wa nta, akamwambia sasa ndiyo kiatu. Mwalimu hana siri. Wiki ile ile benchi la nje lilijaa watu wameshika raba mkononi. Kumbe mlikuwa mnatutengenezea wateja!

Lakini macho ya Baba hayaoni tena tundu la sindano. Nikitoka ghalani nilikuwa nampitia kumtungia uzi, mara nikashona kisigino, mara nikashona kiatu kizima. Alikifumua mara tatu, akinisema kwamba nashona kama naparamia ukuta. Mara ya nne alikitazama, akakiweka kwenye vya wateja.

Basi, Kaka, nikuambie usije ukasikia kwa watu: kazi ya ghalani nimeacha. Najua utafoka, utasema nimeacha mbachao kwa msala upitao. Foka, na ukimaliza mimi nitakuwa bado nimekaa kwenye kile kigoda chako cha zamani, na sindano mkononi. Muuza simu nimemwambia atafute chumba kwingine. Karakana haifungwi.

Jambo moja la mwisho. Zile raba zako Baba hakuwahi kuzivaa, alizisukuma chini ya kitanda. Jana alizitoa mwenyewe, akapitisha kidole ukingoni polepole, akasema gundi imepakwa vizuri, haikufurika popote, mkono wa mwanawe anaujua. Kisha akanipa nizishone. Leo asubuhi amezivaa, amezunguka nazo mtaa mzima, na kila anayemsalimu anaonyeshwa miguu: soli kabandika mwanangu, uzi kapitisha binti yangu.

Mama anakusalimu sana, na Baba anasema kigoda kingine atakichonga, uje tu. Kaa salama.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku